Manowari ya Karatasi

Karatasi ni kitu dhaifu. Maji huilainisha, moto huila, panya huitafuna, na mkono wa mtoto huipasua bila kukusudia. Hata hivyo, hapana kitu tunachokiamini kushika mambo mazito kuliko karatasi hiyo hiyo. Hati za mashamba, vyeti vya ndoa, sheria za nchi na barua za wazazi wetu zote zimewekwa katika karatasi. Katika insha hii nataka kueleza jinsi karatasi inavyoweza kushika hata manowari, yaani meli ya vita yenye urefu wa mita 114, na jinsi mtu anayetaka kuuboresha mfano wa zamani wa manowari hiyo anavyolazimika kuchagua baina ya pambo na kweli. Uchaguzi huo huonekana mdogo ukitazamwa juu juu. Lakini kwa mtu ambaye riziki yake ni kufundisha watoto, si mdogo hata kidogo.

Yamkini baadhi ya wasomaji hawajapata kuona mifano ya aina hii. Huuzwa kama kijitabu chenye kurasa chache za karatasi nzito. Kila ukurasa umechapwa vipande vya meli, navyo vimetiwa nambari na mistari: mstari huu ukatwe, huu ukunjwe, hapa pakwe gundi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, watu wa Uingereza walinunua mifano midogo iliyoitwa Micromodels, iliyochapwa juu ya kadi zisizozidi ukubwa wa postikadi, kwani mbao na madini vilikuwa vikihitajiwa na vita. Nchini Poland gazeti liitwalo Mały Modelarz, ambalo maana ya jina lake ni Mtengeneza Mifano Mdogo, lilianza kutolewa mwaka 1957, na vijana wengi wa nchi ile walijifunza kwalo kuunda meli na ndege juu ya meza ya jikoni. Mtoto asiye na karakana wala mashine alihitaji mkasi, gundi na subira tu. Na katika vitu hivyo vitatu, cha tatu hakiuzwi dukani.

Mimi niliingia katika kazi hii kwa mlango wa hesabu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa karatasi na maboksi matupu: mche, piramidi, pia na mcheduara. Tulichora umbo likiwa bapa, tukalikata, tukalikunja, na mara likasimama mbele yetu likiwa na urefu, upana na kimo. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu, niliona Mombasa, kwa muuza vitabu vya mitumba, kijitabu cha Kipolandi kilichobanwa baina ya kamusi na kitabu cha mapishi. Umri wake ulizidi umri wangu. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano, na pini zake zimeota kutu. Nilipokifungua niliyatambua maumbo yangu ya chuoni: dohani ilikuwa mcheduara uliobanwa, mnara ulikuwa mche, na omo ilikuwa kabari. Nilikilipia nikaenda nacho nyumbani.

Meli iliyochorwa humo ni ORP Błyskawica. Jina hilo kwa Kipolandi maana yake ni umeme wa mbinguni. Alikuwa na dada yake aliyeitwa Grom, maana yake radi. Wote wawili ni manowari za mbio za aina iitwayo distroya, na wote walijengwa Cowes, katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Błyskawica ilishushwa majini mwaka 1936. Mnamo tarehe 30 Agosti 1939, siku mbili tu kabla ya Ujerumani kuishambulia Poland, meli hizo mbili pamoja na ya tatu iliyoitwa Burza, maana yake dhoruba, ziliondoka Gdynia kwa amri ya serikali yao zikaenda Uingereza ili zisiangamizwe bandarini. Grom ilizamishwa karibu na Narvik, Norway, tarehe 4 Mei 1940. Błyskawica iliishi. Ilirudi Poland mwaka 1947, na tangu mwaka 1976 ni jumba la makumbusho linaloelea katika bandari ya Gdynia.

Swali la kwanza lililonikabili ni kama nilikuwa na haki ya kukikata kijitabu hicho. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kijitabu cha karatasi huisha kwa kila mkato wa wembe, na kilichokatwa hakiungiki kikawa kama kilivyokuwa. Mtu mmoja huko Poland, ambaye sitamwona, aliketi na rula na kalamu akaligawa umbo la meli kipande kwa kipande hata likalala bapa katika kurasa chache. Hiyo ni kazi ya akili kubwa. Kukiacha kabatini ni kuinyima kazi yake kusudi lake; kukikata ni kuifuta. Niliamua kukipeleka kwa wenye mashine za kunakili, nikachapisha nakala tatu juu ya karatasi mpya nzito, kisha kile cha asili nikakifunga katika bahasha kavu. Hivyo mwalimu wangu asiyejulikana alibaki mzima, nami nikapata karatasi ya kufanyia kazi.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni hili: nitengeneze meli ya siku ipi? Watu hudhani kwamba meli ni kitu kimoja tangu kuzaliwa kwake hata kufa kwake. Sivyo. Meli hubadilika kama mtu. Błyskawica ilipotoka kiwandani ilikuwa na mizinga mikubwa 7 ya mm 120. Ilipokutana na mawimbi ya Atlantiki, vitu vizito vya juu vilipunguzwa ili isiyumbe mno. Kisha mizinga ile 7 iliondolewa, ikawekwa mingine 8 ya mm 102, iliyopangwa miwili miwili, ambayo iliweza kuelekezwa juu dhidi ya ndege. Baada ya vita, mizinga midogo ya Kisovieti ya mm 37 iliwekwa juu yake. Nilipokilinganisha kijitabu na picha, niliona kwamba mchoraji ameionyesha meli ya baada ya vita, pengine kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuiona. Mtu akichukua karatasi hiyo, akaongeza kitu kimoja kutoka picha ya 1937, kingine kutoka picha ya 1942, na cha tatu kutoka picha ya makumbusho, atapata meli nzuri sana isiyopata kuwako duniani hata siku moja.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuileta kazi hii shuleni. Kila Ijumaa baada ya masomo, wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha pili walibaki nami katika chumba cha sayansi kimu tukikata na kukunja. Walikuwa na mikono myepesi, na macho yao yaliona mistari ambayo yangu yalihitaji taa. Siku moja mvulana mmoja aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, hapa nyuma pana nafasi. Tuongeze mizinga miwili."

"Kwa sababu gani?" nilimwuliza.

"Ili iogopwe, mwalimu."

Wenziwe walicheka, lakini niliona kwamba wengi wao walikubaliana naye. Wiki ile ile bibi wa msichana mmoja alifika shuleni. Alikuwa mama mzee aliyejifunga leso vizuri, na alikuwa ametembea mbali. Nilimpa kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa neno moja. Mjukuu wangu anarudi jioni na kucha zimejaa gundi, akiniambia mizinga, mizinga. Nimempeleka shule ajifunze vita?"

Nilimweleza kwamba wanajifunza hesabu, historia na utulivu wa mkono. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Hesabu hata ya maembe ipo," akaniaga. Neno hilo halikunitoka. Ni kweli kwamba uwiano unaweza kufundishwa kwa maembe. Mtu anayewapa watoto manowari mikononi hana budi kujua kwa nini hakuwapa jahazi, au nyumba, au mnara wa taa.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kuwapeleka watoto Fort Jesus, Mombasa. Ngome hiyo ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, na wageni wengi huenda kutazama kuta zake. Sisi tulikwenda kutazama mizinga miwili ambayo si ya Wareno. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus, na wa pili katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Kisha yenyewe ikajificha katika vijito vya mto Rufiji, na huko ikaangamia mwezi Julai 1915. Mizinga yake ikatolewa na kuburutwa nchi kavu kuendelea na vita. Leo hasimu hao wawili wako katika ngome moja, wanaota jua moja.

Mzinga wa Pegasus una kipenyo cha mm 102, sawasawa na mizinga ya Błyskawica. Niliwaambia watoto wapime. Mvulana aliyetaka kuongeza mizinga alitandaza kiganja chake mbele ya mdomo wa chuma, akaona kwamba kiganja chake kinaingia. Kisha walipima urefu wa bomba kwa hatua, wakaona kwamba watu wawili wakilala kwa kufuatana hawalifikii bomba hilo. Hapana aliyecheka. Tulipokuwa tukirudi katika basi, msichana yule ambaye bibi yake alinijia aliniuliza, "Mwalimu, watu waliokuwa wakipiga mizinga hii walisimama wapi?" Katika wiki zote za kukata na kukunja hakuna aliyekuwa ameuliza habari za watu. Mifano ya karatasi haina watu. Sitaha zake ni tupu kama baraza la nyumba iliyohamwa.

Swali hilo ndilo lililonichagulia siku. Niliamua kwamba manowari yetu itakuwa ile ya usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Mei 1942, nami nawaomba wasomaji wanistahimili nieleze usiku huo ulikuwa wa namna gani.

Błyskawica ilikuwa imerudi Cowes, mahali pa kuzaliwa kwake, kufanyiwa matengenezo. Ilikuwa imetimia miaka miwili kamili tangu dada yake alipozama. Nahodha wake, Wojciech Francki, alihakikisha kwamba meli ina makombora ya kutosha kujilinda hata ikiwa bandarini. Usiku ule ndege za Ujerumani zilikuja kuushambulia mji. Zilikuja kwa mawimbi mawili, zikamwaga mabomu ya moto na ya kulipuka juu ya viwanda na nyumba. Mabaharia wa Poland, wakiwa katika nchi isiyo yao, walizilazimisha ndege kukaa juu kwa mizinga yao, wakatandaza moshi ili kuuficha mji. Walipiga kwa saa nyingi hata mabomba ya mizinga yakapata moto, ikabidi yamwagiwe maji. Makombora mengine yaliletwa kutoka Portsmouth, ng'ambo ya mlangobahari. Watu wapatao 70 waliuawa Cowes na Cowes Mashariki. Lakini wakazi waliamini, na wajukuu wao wanaamini hata leo, kwamba bila ya meli ile wangalikufa wengi zaidi. Mahali pamoja katika mji huo pamepewa jina la nahodha Francki.

Baada ya kuichagua siku, kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono, na mikono huongozwa na hesabu. Kijitabu chetu kimechorwa kwa kipimo cha 1 kwa 300. Basi mita 114 za meli huwa sm 38 mezani, na upana wake wa mita 11 na kitu huwa kasoro kidogo ya sm 4. Mtu wa kimo cha sm 170 huwa chini ya mm 6, yaani mfupi kuliko punje ya mchele wa pishori. Bomba la mzinga wa mm 102, lenye urefu wa mita 4.6 hivi, huwa mm 15. Mzinga mdogo wa mm 40 una tundu ambalo, likigawanywa kwa 300, ni mm 0.13, karibu na unene wa unywele. Niliwaandikia watoto hesabu hizo ubaoni, nikawaambia kwamba hii ndiyo sheria ya kisiwa chetu, na asiyeifuata ahame.

Sheria hiyo ilitufunulia jambo ambalo wengi hawalifikirii. Karatasi nzito yenye unene wa mm 0.2 huonekana nyembamba mno. Lakini kwa kipimo chetu ni chuma cha sm 6. Ngao inayowakinga wapiga mizinga si nene hivyo. Kwa hiyo mfano wa karatasi huharibika kwa unene kabla ya kuharibika kwa upungufu. Fundi asiyejua atatafuta vitu vya kuongeza; anayejua ataanza kwa kupunguza. Tulizikwangua kingo za ngao kwa msasa laini upande wa ndani, polepole, hata zikawa nyembamba kwa mtazamaji wa mbele. Kisha tulizipaka kingo zote rangi ya maji inayolingana na ukurasa, kwa sababu mkato mweupe wa karatasi huita jicho kama jino lililong'oka. Jambo hilo la kupaka kingo halina gharama, tena hubadili sura ya mfano kuliko mapambo kumi.

Mwili wa meli hutegemea mkuku na mataruma. Kijitabu kilitaka yakatwe katika karatasi ya unene wa milimita moja. Tulitumia maboksi ya viatu tuliyoyabandika pamoja na kuyakandamiza usiku kucha chini ya kamusi. Taruma moja likisimama upande, ganda lote litapinda, na hakuna rangi wala uzi utakaoficha mpindo huo. Tulilikagua kila taruma kwa kipembe kabla gundi haijashika. Ganda lenyewe tulilizungusha kwanza juu ya kalamu ya risasi ili lizoee kupinda, kwani karatasi iliyolazimishwa hukunjamana kwa kisasi. Haraka haraka haina baraka: methali hii kila mtoto huijua kwa ulimi, lakini mwenye kujenga omo ya meli huijua kwa vidole.

Vitu vingi ambavyo mchoraji wa zamani alivichora kwa wino tu, tulivipa mwili. Milango iliyochorwa ukutani tuliikata kutoka nakala ya pili tukaibandika juu ya ile ya kwanza, hata ikatokeza kidogo kama milango ya kweli. Vidirisha tulivitoboa kwa sindano na kutia karatasi nyeusi nyuma yake. Mashua zilizochorwa kuwa zimefungwa juu tulizifungua, tukazitia mabenchi. Milingoti haikuwa ya karatasi, kwa sababu karatasi iliyoviringwa haiwezi kuchongoka vizuri. Tulitumia njiti za chelewa, zile zile zifanyazo mafagio ya pwani, ambazo kwa maumbile yake ni nene chini na nyembamba juu. Kamba tulifanya kwa uzi wa kushonea uliopitishwa katika gundi ili nyuzi zake zisisimame. Ua wa sitaha, wenye kimo cha mita moja, ulikuwa na mm 3 na kitu tu. Ulitugharimu Ijumaa nne.

Na mizinga midogo ya baada ya vita? Hiyo hatukuikata. Ilibaki katika nakala zetu ikiwa bapa, na mahali pake tulitengeneza ile ya mm 40 iliyokuwako mwaka 1942. Mvulana wa mizinga miwili ndiye aliyeomba kazi hiyo. Aliitengeneza kwa waya mwembamba wa ndani ya kebo, mmoja baada ya mwingine, na alipomaliza aliihesabu mbele ya wenziwe ili waone kwamba haikuzidi. Sikumwambia neno, wala yeye hakuniambia.

Kitu cha mwisho kilikuwa watu. Tulikata watu 20 katika karatasi, kila mmoja chini ya mm 6, tukawasimamisha mahali msichana yule alipotaka kujua: nyuma ya ngao, kando ya makombora, na juu ya daraja. Watu hawa hawana nyuso. Kwa kipimo chetu uso ni doa. Lakini karibu na mzinga wa nyuma yuko mmoja aliyeinama na ndoo. Ndoo hiyo ni ndogo kuliko kichwa cha pini. Katika manowari yote ya sm 38, hicho ndicho kitu pekee ambacho mtazamaji akikiuliza, hapana budi asimuliwe usiku mzima wa Cowes.

Siku ya wazazi tuliiweka meli juu ya meza, na kando yake karatasi yenye tarehe, vipimo na habari fupi. Bibi yule alikuja pia. Mjukuu wake alimsomea habari yote, kisha akamwonyesha mwenye ndoo kwa ncha ya sindano. Mama mzee alitazama kwa muda mrefu. Aliniuliza, "Hawa walilinda mji wa watu?"

"Ndiyo, bibi. Mji wa wenyeji wao."

"Na waliokuja na mabomu, nao walikuwa na mama zao?"

"Ndiyo, bibi. Nao walikuwa na mama zao."

"Basi waambie na hilo," akasema. Mjukuu wake alichukua kalamu pale pale akaliongeza neno hilo chini ya karatasi, kwa maandishi yake mwenyewe, nasi tuliliacha lilivyo.

Vijana mnaosoma insha hii, huenda hamtapata kuunda manowari hata moja, na hilo si hasara. Lakini kila mmoja wenu atakuja kupokea kitu cha zamani kilichofanywa na mtu mwingine, akatakiwa kukiboresha: nyumba ya baba, kamusi ya lugha yake, desturi ya ukoo, au historia ya mahali pake. Pwani yetu ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Mitepe ya safari imekwisha. Wengi wetu twaijua kwa picha na kwa mifano iliyowekwa katika majumba ya makumbusho. Iwapo fundi wa mfano angalitia misumari kwa kuona kwamba inapendeza, leo tungalikuwa na chombo kizuri cha uongo, na elimu ya babu zetu ingalizama mara ya pili.

Kwa hiyo, ukipewa kazi ya namna hiyo, kwanza kihifadhi cha asili. Pili, uliza ni cha siku gani. Tatu, pima kabla ya kupenda. Punguza unene kabla ya kuongeza pambo, na usisahau kwamba katika kila sitaha kulisimama watu, wengine upande huu na wengine upande ule, wote wenye mama zao. Ukifanya hivyo, karatasi dhaifu itabeba chuma kizito. Nayo itakibeba kwa uaminifu.